Jina Lililochukuliwa kwa Kikombe cha Bangi

Ukoo wa mumewe, Tšeliso, ulimnyang'anya 'Malineo jina lake mbele ya watu, miaka ishirini na miwili baada ya kumpa, na kosa lake lilikuwa kunywa kikombe kimoja cha bangi.

Jina hilo alipewa siku alipochinjiwa kondoo wa kupokelewa ukweni. Kabla ya hapo aliitwa Nthatuoa, binti wa watu. Baada ya ile nyama akawa 'Malineo, yaani Mama Lineo, wa nyumba hii, hata kabla Lineo mwenyewe hajazaliwa.

Mumewe alirudi kutoka migodi ya dhahabu na mgongo ulioangukiwa na jiwe. Mama yake, 'Masekake, alichuma majani ya bangi yaliyoota kati ya mahindi, akayachemsha kwenye maziwa, akampa nusu kikombe. Tšeliso akalala kama mtoto aliyeshiba, na asubuhi akafunga viatu vyake mwenyewe. Bibi huyo naye alijaribu kwa ajili ya magoti yake, vikombe viwili kamili. Magoti yakabaki vilevile. “Kama chai tu,” alisema, na hakuna aliyelifikiria zaidi.

Majira ya baridi yaliyopita, nyonga ya 'Malineo, iliyomuuma miaka tisa, ilimkatalia kabisa kuinama kisimani. Mama mkwe akamchemshia.

“Kunywa, mkwe. Imemwinua mwanangu, wewe ni nani isikuinue?”

Saa mbili hazikupita. Moyo ulianza kumdunda hata akausikia masikioni. Maumivu ya nyonga yakatambaa mgongoni, menoni, mpaka kwenye kucha. Aliona kuta zinamsogelea. Akatoka kwa magoti kwenye theluji, mchana kweupe, bila blanketi, akipiga kelele kwamba anakufa. 'Masekake alisimama mlangoni, hakusogea.

Jumamosi bibi akaita watu wa ukoo na majirani.

“Dawa ya shamba letu inamlaza mwanangu, inamtupa huyu nje. Wazee wetu waliolala hawamtambui. Yule kondoo hakupokelewa. Kuanzia leo ni Nthatuoa.”

Jambo kama hilo hakuna aliyewahi kulisikia milimani kule. Ramatsella, jirani asiyekosa pombe ya bure, ndiye aliyesema kwanza.

“Mama, mimi pombe hunilaza, mke wangu humfanya aimbe. Nimrudishe kwao?”

“Funga mdomo, mlevi wewe.”

“Na hayo magoti yako je? Nawe kondoo wako alikataliwa?”

Kicheko kilianza, bibi akakitazama, kikafa. 'Malineo akamgeukia mumewe. Tšeliso alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna mtu amezama humo.

Tangu siku hiyo hata watoto wa jirani walimwita Nthatuoa, mama mtu mzima mwenye mvi.

Mwezi wa nane wifi yake, Puseletso, alikuja kutoka alikoolewa. Walikaa juani wakichambua maharage, 'Malineo akamsimulia yote. Puseletso akaacha kuchambua.

“Wifi, na wewe pia?”

“Na mimi pia nini?”

“Nilipovunjika bega, mama alinipa hiyohiyo. Nilidhani roho inatoka! Alinifunika blanketi, akaninywesha maji, akasema damu yangu haipatani nayo, basi. Nesi naye aliniambia tuko wengi. Jani ni moja, mwili si mmoja.”

'Malineo akamsogelea.

“Tšeliso alijua?”

“Atakosaje kujua? Ndiye aliyenishika miguu nisikimbie.”

Maharage yalimwagika. Hakuyaokota. Alimshika Puseletso mkono, wakaenda mpaka alipokuwa bibi akianika mtama, na Puseletso akayasema yote tena. 'Masekake hakukana hata neno.

“Puseletso ni mwanangu,” alisema, akiendelea kutandaza mtama. “Wewe ulikuja kwa miguu yako.”

Miaka ishirini na miwili, watoto wanne, na hilo ndilo jibu.

Bado yumo katika nyumba ile, na bado nyonga inamuuma. 'Masekake bado anadaiwa kondoo mwingine wa kumpokea, na kulitamka jina la 'Malineo mbele ya wote walewale aliowaita Jumamosi ile, mlevi akiwemo. Tšeliso anadaiwa kusimama mbele yao na kusema kwamba alijua.