Jinsi Tulivyokuwa Akina Bergamo

Enzi zetu katika kambi ya wakimbizi Kigoma hakuna aliyekuuliza jina la ukoo. Sisi Warundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kwa hiyo mwalimu akiita majina asubuhi, sisi watano wa tumbo moja tulisikika kama watoto wa nyumba tano. Tulicheza mpira wa makaratasi, tukarudi na magoti mekundu kwa vumbi kugombania ukoko wa ugali wa mahindi ya njano. Watoto wa sasa ukoko wanaukwangulia kwenye pipa la taka.

Babu alikuwa mwashi. Ujanani, huko Burundi, alijenga kanisa na padri Mwitaliano aliyesifia mji wake wa Bergamo kutwa nzima: kuta za Bergamo, jibini la Bergamo, hata mvua ya Bergamo! Babu naye akaambukizwa. Akikuta tofali limepinda: "Bergamo hili wangelitupa." Watu wakamwita hivyo, na jina likavuka naye mpaka.

Yakaja mahojiano ya kwenda Marekani. Uvumi ukazagaa kwamba wenye majina tofauti watatenganishwa. Mama akashindwa hata kula. Baba akatupanga mstari: "Kuanzia leo nyote ni Bergamo. Atakayejikwaa atabaki kuchunga mbuzi." Mbuzi wenyewe hatukuwa nao. Karani akaandika, tukapanda ndege pamoja.

Sasa ni 2018, niko Haltom City, huku huku Marekani, fomu ya uraia iko mezani tangu Jumamosi. Inauliza kama nataka kubadili jina. Nakaa, nasimama, nachemsha chai, siinywi. Mdogo wangu Goreti kanipigia kutoka DeSoto, mwendo usiofika saa moja kwa gari.

"Kaka, rudisha jina lako bwana! Ya kuogopa yalishaisha."

Mwanangu ame-google Bergamo. "Daddy, tuna relatives kule?" Kizazi cha kuulizia ukoo kwenye simu!

Kambini tulikuwa na majina matano na mkeka mmoja. Leo jina ni moja, lakini wawili wako Houston, wawili DeSoto, na mimi, bingwa wa kukaa ndani, niko huku; tunaonana misibani tu. Baba alilipigania lile jina ili tusiachane, halafu tukaachana wenyewe, kila mtu na gari lake.

Nikaweka alama kwenye "hapana", nikampigia Goreti.

"Jumapili nakuja kwako."

"Kaka, nani amefariki?"