Mashua Iliyoacha Barabara

Papa, baba yangu, ana malori yanayobeba kontena kutoka Durban mpaka kwetu Lubumbashi, na mimi ndiye ninayeyafuatilia kwenye kompyuta pale depo, barabara ya Kipushi. Kila lori ni kidoti. Kidoti kikitembea, papa anakunywa chai yake kwa raha. Kikisimama, naanza kupiga simu. Kikiacha barabara kuu na kuingia porini, hapo hakuna mjadala: dereva anauza mazutu, dizeli ya tajiri wake. Papa amefanya kazi hii tangu ateremke kutoka Kivu ya Kaskazini akiwa kijana, na anaapa kwamba kwa jambo hilo hajawahi kukosea.

Ndugu yangu, kitinda mimba wetu, alikuwa mmoja wa madereva wake. Safari moja alifika Durban, akashusha mzigo, akaenda kutazama mashua za tanga bandarini wakati akingoja kontena nyingine. Hakurudi. Funguo za lori alimkabidhi dereva mwenzake, yeye mwenyewe akapata kazi huko ya kushona matanga. Papa alisema dereva anayeacha lori njiani hana baba, na kwa miaka miwili hakuzungumza naye hata kwa simu. Mimi, mkubwa wake anayeniita yaya, niliongea naye kwa kuibia. Iliniuma sana, maana wote wawili ni wakaidi na wote wawili nawapenda.

Mwaka jana akaniandikia kwamba wamemchukua kwenye mashua moja ya mashindano, kutoka Durban kuizunguka pwani mpaka Cape Town, siku nne tano baharini. Akanitumia ukurasa wa kuzifuatilia mashua zote. Niliufungua kando ya malori yetu, nikageuza kompyuta kidogo upande wa kiti cha papa. Nilijua ninachokifanya.

“Hii malori iko ya nani?” akauliza.

“Si malori, papa. Ni mashua. Ile ya manjano, mutoto wako iko ndani.”

Siku hiyo hakwenda mjini benki kama alivyopanga.

Kesho yake asubuhi mashua zote zilikuwa zinafuata ukingo wa nchi, moja nyuma ya nyingine, vizuri kabisa. Ya manjano peke yake ikageuza pua na kuelekea bahari kuu. Papa akasimama.

“Alisha kuacha route. Benzake bote beko nafwata njia, yeye iko naingia mu pori. Kapiteni wake iko nauzisha mazutu.”

“Papa, inaenda na upepo. Haina mazutu.”

“Basi iko nauzisha kintu ingine. Bapigie telefone.”

Tajiri ni tajiri. Nikapiga kwa waandaaji wa mashindano, na kwa Kiingereza changu cha mpakani nikatoa taarifa kwamba mashua ya manjano imeacha barabara, tafadhali wakague tangi. Mama aliyepokea alicheka mpaka akakohoa. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alikuwa mwema, akanieleza polepole: huko nje kuna mkondo, maji yanayotembea ndani ya bahari kama mto, na yanaelekea kule kule wanakokwenda. Anayeupata husukumwa. Ila upepo ukigeuka na kuupinga, mawimbi yanakuwa makubwa na yanaweza kuvunja mlingoti. Nikamtafsiria papa kila kitu, hata hilo la mwisho, ambalo ningelimeza tu.

Akakaa. Akaitazama kompyuta muda mrefu.

“Uliza kama balifunga mikaba,” akasema.

Sikupiga tena. Nilimwambia wamejifunga mikanda ya kamba, wote, na kwa bahati ni kweli.

Tangu hapo malori yetu yalijiendea yenyewe. Papa alihamia depo. Madereva waliofika kutoka Kasumbalesa hawakuulizwa habari za mpaka. Walikalishwa chini wakafundishwa habari za mto wa baharini. Mashua zilizobaki karibu na pwani aliziita bantu ba mu potopoto, watu wa matopeni. Upepo haukugeuka. Ya manjano ikapita mbili, ikapita nyingine tatu, na siku ya tano alasiri ikaingia Cape Town ikiwa ya tatu. Papa alipiga meza, chai ikamwagika juu ya karatasi zangu zote, na hakuna aliyejali.

Saa moja baadaye simu yangu ikalia. Alikuwa kitinda mimba wetu. Kabla sijasema neno papa akanyoosha mkono, nikampa. Akaiweka sikioni, nikasikia sauti ya ndugu yangu ikiita, “Alo? Yaya?”

“Si yaya. Ni miye.”

Papa akakohoa kidogo.

“Njia yote nilikuwa nakuona,” akasema.