Pasi Baridi Iliyochoma Nguo ya Bibi Harusi

Pasi ilikuwa imepoa. Umeme haukuwepo. Chumbani hapakuwa na mtu.

Tuliporudi ndani tukakuta nguo ya bibi harusi imeungua mgongoni, alama ya pasi imekaa katikati ya satini nyeupe kama muhuri wa ofisi.

Na mimi, mtoto wa mwenye duka, mjuzi wa kesi za mauaji, nikampata mkosaji kabla chai haijapoa.

Kuna watu walinipongeza kwa kazi hiyo. Leo naomba wazichukue pongezi zao.

Wanaonifuata humu mtandaoni wananiita Hakimu. Kwa mgeni: mimi nacheza michezo ya simu ya kusoma. Siyo ile ya kukimbia na kupiga risasi. Ni hadithi yenye picha. Unasoma, unachagua maneno, mtu anauawa, unakusanya ushahidi, halafu mnaingia mahakamani. Nikimaliza mchezo nauandikia: fumbo lake lina uzito gani, na kesi yake inachezekaje.

Mwaka huu ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya michezo miwili. Sisi mashabiki tumeibatiza Treni na Mshumaa.

Kwenye Treni, abiria wamekwama kwenye behewa pamoja na maiti. Saa inagonga. Mtu anasema, wewe unaudaka uongo wake hewani, unamtupia ushahidi usoni, mnapiga kura. Unasahau hata kumeza mate.

Kwenye Mshumaa kuna karani wa mahakama, mama mtu mzima, ana mshumaa mmoja mezani. Kila sentensi ya shahidi unaruhusiwa kuiulizia swali, hata ile ya kusema habari za asubuhi. Ukimtuhumu mtu bure, mshumaa unakatwa kipande. Ukiisha, umeshindwa.

Mimi nilikuwa Treni damudamu. Mshumaa niliuita mchezo wa kusubiria nywele zikauke.

Msomaji mmoja, anajiita Kobe, kazi yake ilikuwa kunipinga. "Hakimu," anaandika, "fumbo la Treni ni jepesi. Ile saa ndiyo inakutisha ulione gumu." Mimi namjibu kwa vichekesho, watu wanacheka, tunalala.

Haya, turudi dukani.

Mama yangu anashona nguo za harusi. Chumba cha mbele kina vioo na wateja, cha nyuma kina vyerehani, meza ya kukatia na meza ya pasi. Tulikuwa mama, mimi, fundi wa mashati, fundi wa mapazia, na wifi.

Wifi ni mke wa kaka yangu, dereva wa malori, ambaye nyumbani anaonekana kwa kubahatisha. Mwanamke wa maneno machache. Sisi wa ukoo huu tumejaliwa midomo, kwa hiyo ukimya wake tukauita maringo.

Ila mkono wake, jamani. Akikata kitambaa, vipande vinakutana vyenyewe.

Ndiyo maana siku moja mama akamkabidhi mkasi wake. Mkasi wa chuma, mzito, wa tangu ujana wake. Mimi nimezaliwa nikaukuta, na sijawahi kuruhusiwa kuukatia hata uzi.

"Meza ya kukatia sasa ni yako, mwanangu," mama alimwambia. Kwetu hiyo maana yake ni kwamba duka lina mrithi.

Sitawaficha. Roho iliniuma.

Na wiki hiyohiyo mama alikuwa amenisema mbele ya wote. Nilikuwa nimepachika mkono wa kushoto upande wa kulia wa koti la mtu, macho yakiwa kwenye Treni. Mama hakupandisha sauti. "Simu hiyo ikiniharibia kazi tena," alisema, "utaondoka nayo, utafute duka la mama mwingine." Wifi alikuwepo. Alisikia.

Siku ya tukio umeme ulikatika wifi akiwa anapiga pasi nguo ya bibi harusi. Baadaye akatoka kwenda ng'ambo ya barabara kutafuta uzi wa kufanana na lesi. Sisi wengine tukahamia kibarazani kunywa chai.

Katikati ya kikombe tukasikia wifi anaita kutoka ndani. Alikuwa amerudi kupitia mlango wa nyuma. Tukakimbia. Pasi ilikuwa sakafuni, waya wa ekstensheni umechomolewa ukutani, moshi umejaa, na wifi amesimama ameishika ile nguo kwa mikono miwili.

Umeme ulikuwa umerudi na sisi tuko kwenye jua, hatuna habari.

Mama akakaa kwenye kiti, akashindwa kusema. Harusi ilikuwa keshokutwa.

Hapo ndipo kiherehere kikanipanda. Nikasema tukae mduara. Kweli kabisa, nilisema tukae mduara, na mafundi wakaja na vikombe vyao wakakaa.

"Wifi, pasi aliiweka nani juu ya satini?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Satini inateleza. Pasi ilikuwa imepoa, nikaitumia kuishikilia."

Hilo halikuwa kosa. Sote tunafanya hivyo umeme ukikatika, hata mama. Sharti ni moja: kabla ya yote, unazima swichi ya ekstensheni.

"Na swichi je?"

Akanitazama. Akanitazama muda mrefu kidogo.

"Nilizima."

"Ulizima. Halafu ikajiwasha yenyewe?"

Fundi wa mapazia akacheka. Wifi akafungua mdomo, akautupia jicho mkoba wangu uliokuwa umening'inia kwenye msumari kando ya mlango, kisha akaufunga mdomo wake.

Jicho lile nililiona. Nikalisoma kuwa ni la mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema, na sauti niliiweka ileile ya kwenye mchezo. "Tupige kura."

Mimi mkono juu. Fundi wa mapazia juu. Fundi wa mashati akajikuna shingo, akapandisha wake nusu. Mama alikuwa wa mwisho, na aliunyanyua bila kumwangalia mtu.

Wifi hakulia. Aliuchukua mkasi mezani, akaufuta kwa pindo la gauni lake, akaurudisha mkononi mwa mama.

Bibi harusi, alipoitwa kuiona nguo, ndiye aliyelia, mpaka akakaa chini. Mama aliubomoa mgongo mzima akaushona upya, na nguo ikavaliwa. Wifi alirudishwa kwenye kazi ya kushona vifungo. Hakumaliza mwezi, akasema atashonea nyumbani, foronya za mito.

Kaka alinipigia simu akiwa njiani. "Umemfanya nini mke wangu?"

"Kwani amesemaje?"

"Amesema hakuna kitu."

"Basi hakuna kitu," nikamjibu. Nalikumbuka jibu hilo kila nikiona namba yake.

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe. Nikaja humu kuandika makala: Treni dhidi ya Mshumaa, nani bingwa wa mahakama. Na kwa kuthibitisha kwamba kasi ndiyo akili, nikaisimulia kesi ya pasi, mwanzo mpaka kura. Nikaweka na picha niliyoipiga siku ile umeme ulipokatika: chaja yangu imechomekwa kwenye ekstensheni ya pasi, waya wake umelala mezani. Awali niliituma kama utani, nikisema Hakimu yuko likizo, betri inakata roho.

Pongezi zikamiminika. Mmoja akaandika nifungue ofisi ya upelelezi.

Kisha akaja Kobe.

"Hongera, Hakimu. Nina maswali madogo tu. Picha hii uliipiga kabla nguo haijaungua?"

"Ndiyo."

"Wifi yako alikuwepo?"

"Alikuwa ameshakwenda kununua uzi."

"Chaja ni ya nani?"

"Yangu. Si nimesema?"

"Pembeni naona pua ya pasi juu ya kitambaa cheupe. Na swichi nyekundu imelala upande wa kuwaka. Yeye alisema alizima. Baada yake, nani mwingine aliigusa?"

Niliikuza ile picha kwa vidole viwili mpaka ikawa ukungu, kisha nikaipunguza, kisha nikaikuza tena.

Swichi ilikuwa imewashwa.

Nilikumbuka. Tena tusidanganyane, sikukumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kabisa. Siku ile ya kura nilijua kwamba nilichomeka chaja. Nilijiambia nilishaichomoa, maana simu niliikuta mkobani. Akili ya mtu ni wakili hodari, ikiwa mteja ni mwenyewe. Kilichotokea ni kwamba nilichomeka chaja, nikabonyeza swichi ili umeme ukirudi simu ianze kula chaji, nikapiga picha, nikaiunga simu, nikaiacha pale pale, nikaenda kunywa chai.

Kidole changu. Pasi baridi, nguo ya watu chini yake, na kidole changu.

Sasa simu iliingiaje mkobani?

Mtu aliyeingia wa kwanza ni mmoja tu.

Nilikwenda kwa mama nikamweleza. Nilitegemea atanifukuza, na nilikuwa nimeshajiandaa. Mama alivua miwani, akaikunja, akaikunjua.

"Kwa hiyo nimemnyang'anya mkasi mtu asiye na kosa," alisema.

"Ni mimi, mama."

"Wewe uliongea. Mkono niliunyanyua mimi." Akauchukua mkasi mezani, akaufunga kwenye kipande cha kitambaa. "Vaa viatu."

Wakati tunatoka, nikamuuliza fundi wa mashati kwa nini alipiga kura vile. Akashusha macho kwenye kola aliyokuwa anaishona. "Chai ilikuwa inapoa, dada," alisema.

Tulimkuta wifi chumbani kwake, foronya zimempanda mpaka magotini. Alitukaribisha vizuri, akatuwekea viti, na ukarimu ule ulinichoma kuliko matusi.

Nikasema yote. Picha, swichi, chaja. Hakushangaa.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilipoingia nilinyanyua pasi, nikaona simu yako pale pembeni, iko kwenye chaja. Nikayakumbuka maneno ya mama. Nikasema, huyu atafukuzwa kwa bahati mbaya tu. Nikachomoa, nikatia mkobani mwako." Akakata uzi kwa meno. "Nilidhani tutaulaumu umeme, yaishe."

"Mbona hukusema tulipokaa?"

"Niseme nini, wifi? Ushahidi wangu nilikuwa nimeuficha mwenyewe, kwenye mkoba wako. Ningesema, ungesema nimeuweka mimi. Na kweli niliuweka mimi."

Mama akajifuta uso. Mimi nilitazama sakafu.

Nimecheza michezo mingi ya mauaji. Nimeona mashahidi wanadanganya kwa woga, kwa mapenzi, kwa urithi. Sijawahi kukutana na fumbo ambalo mshtakiwa anafuta ushahidi wa kumwokoa, ili amwokoe yule atakayemshtaki.

"Nisamehe, wifi," nikasema.

Akaipindua foronya, akaiangalia mishono yake kwa ndani.

"Kunihukumu ulifanya haraka," alisema taratibu. "Na kusamehewa nako unataka haraka?"

Mama akaufungua mkasi kutoka kwenye kitambaa, akamnyooshea.

"Uache mezani dukani, mama," wifi alisema. "Nikiwa tayari, nitaufuata mwenyewe."

Akatusindikiza mpaka mlangoni. Siku hiyohiyo nilimpigia kaka nikamwambia kilichotokea. Alikata simu kabla sijamaliza, na haki alikuwa nayo.

Sasa wale wanaosubiri hukumu ya Treni na Mshumaa, hii hapa.

Kwa raha ya kesi, Treni bado inaongoza. Itakupandisha presha, utafurahi. Kwa fumbo, Mshumaa ni mkubwa wake, na Kobe alikuwa sahihi tangu mwanzo. Jibu la kweli halikujificha kwenye uongo wa mtu. Lilikuwa kwenye neno la kweli, "nilizima", ambalo mimi niliona linafaa kuchekwa tu. Ningeuliza swali moja tu zaidi: ulizima, halafu nani akaja? Ningejikuta mwenyewe.

Lakini michezo yote miwili inadanganya sehemu moja. Ukimtuhumu mtu bure mle ndani, unaadhibiwa wewe. Mshumaa unaokatwa ni wako. Huku nje nilikosea mimi, ukakatwa wa wifi, na hakuna sauti iliyolia kunijulisha kwamba nimekosea. Nilipongezwa.

Basi wewe unayesoma, siku ukijiona umesimama katikati ya duara na una uhakika, kwanza kagua mkoba wako mwenyewe.

Siku hizi dukani mimi ndiye wa pasi. Simu nachajia nyumbani. Wifi bado anashona foronya, na tukikutana ananisalimia vizuri, salamu na kuishia hapo hapo.

Mkasi uko kwenye meza ya kukatia. Hakuna anayeugusa isipokuwa mimi, kila asubuhi, ninapoufuta vumbi.