Sahihi ya Mama Déborah

Chibalonza alikuwa akipangusa jiko tangu atoke kazini, na jiko lenyewe lilikwisha kung'aa zamani. Wakongomani wote wa Granville, mtaa wa Sydney, wanamwita Mama Déborah. Huyo Déborah, binti yake wa pekee, alikaa mezani na kompyuta yake akimtazama.

"Weka sahihi basi, mtoto yangu. Unangoja nini?"

"Mama, si mpaka Jumatatu?"

Mpaka Jumatatu! Mwanamke wa watu nusura atupe kitambaa. Sahihi ni ya fomu ya kuomba chuo. Chuo kiko Marekani, kinakataa watoto wengi kuliko kinaowachukua, na kina milango miwili. Wa kwanza ni wa mapema: unaomba sasa, Desemba unajibiwa, na bahati ya kuchukuliwa ni kubwa zaidi. Ila ukichukuliwa umefungika, kama msichana aliyekwisha kutolewa mahari. Vyuo vingine vyote, hata vya hapa Sydney, unaviaga. Mlango wa pili ni Januari, pamoja na umati. Kwa huo wa mapema zinatakiwa sahihi mbili za nyumbani, ya mtoto na ya mzazi.

Haraka ya Chibalonza haikuanzia hapa. Kule kambini Tanzania, siku waliyoulizwa kama wanakubali Australia, alisema ndiyo kabla mkalimani hajamaliza sentensi. Jirani yake Goreth, Mrundi, yeye aliomba kwanza azungumze na mumewe aliyekuwa shambani. Dosie yake, lile faili la safari, ikarudishwa chini kabisa, na mpaka leo Goreth yuko kambini. Toka hapo, Chibalonza hajui kusema ngoja. Kazi ya kutunza wazee mtaa wa Auburn, ndiyo. Zamu ya Krismasi, ndiyo. Aliwahi kupewa friji akakubali bila kuiona, ikaja kukwama mlangoni, majirani wakashinda siku nzima wakiisukuma. Kichwani mwake vyuo navyo ni hivyo hivyo: ukisita, dosie inakwenda chini. Jumapili iliyopita alikwisha kutoa ushuhuda kanisani, kwa Zoom, kwamba Mungu amefungua Marekani, watu wakaitikia amina. Na mtoto hajaomba hata!

Lakini wiki hiyo kazini alimpelekea mzee mmoja chai mara mbili kwa kusahau, na nyumbani alitoka barazani, akarudi, akatoka tena.

"Mama, kaa."

"Nikae namna gani na wewe unachezea bahati? Weka sahihi!"

Siku zote Déborah humjibu mama yake kwa Kiingereza anapokasirika. Safari hii alikasirika kwa Kiswahili.

"Kila siku weka sahihi, weka sahihi! Umenichoka?"

"Yesu wangu! Nani kasema?"

"Siku ile kambini ulipokubali Australia, ulimuuliza Bibi?"

Mama mzazi wa Chibalonza hakuwamo kwenye dosie yake ya Australia. Alikuja kuambiwa mambo yamekwisha, akasema, "Vizuri," akaingia ndani. Mwaka jana, ndege zikiwa zimesimama dunia nzima kwa korona, alifariki kambini, na Chibalonza aliona maziko kwenye simu, amesimama nje ya kazini, picha inakatika inarudi. Hapana, hakumuuliza. Alijua kabisa kwamba angemuuliza, mama yake angelia, na yeye mwenyewe asingeondoka.

"Basi mimi nakuuliza," Déborah akasema. "Unataka niende?"

Ile "ndiyo" yake ilikuwa mdomoni, imezoea kutoka. Safari hii haikutoka.

"Sitaki," Chibalonza akasema. "Sitaki hata kidogo. Kichwani naona wamefunga tena mipaka, wewe uko kule unaumwa, na mimi nakutazama kwenye simu. Sitaki, Déborah!" Akalia kwa sauti, bila kuona aibu.

Déborah akainuka akamkumbatia. "Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungebaki."

Msichana akacheka huku naye analia. Hicho chuo alikuwa anakitaka tangu shule zilipofungwa, akijifunzia kitandani huku helikopta ya polisi inazunguka juu ya paa kuchunga watu wasitoke. Alichokuwa anaogopa ni kuondoka kama mtu aliyefukuzwa. Akarudi mezani, akaweka sahihi yake, akaisogeza kompyuta kwa mama yake.

Chibalonza akaitazama ile nafasi tupu. Mwanamke wa kusema ndiyo upesi, leo kidole chake kilikuwa kizito. Akakiweka kwenye kioo cha kompyuta, akachora jina lake, likaenda upande.

"Haya, tuma," akasema, machozi yanaingia kwenye barakoa aliyosahau kuivua. "Tuma sasa hivi, maana nikimaliza kulia nitakukataza."