Mtihani Uliofungiwa Karanga

Mtihani wa majaribio wa darasa la saba niliufungia karanga. Si mimi niliyezikaanga wala niliyeziuza, lakini karatasi zilitoka mikononi mwangu, na nilipozitoa nilijiona mtu mwema. Nimeuweka ujinga huu hapa mwanzoni ili anayetaka kunicheka acheke mapema, tuendelee.

Nilikuwa karani wa chama cha ushirika mpaka chama kilipokufa. Miaka ile vitu vingi vya umma vilikuwa vinakufa au vinauzwa, na huku kwenye maduka ya mtaa wetu wa Majengo vinaingia vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Nilirudi nyumbani na cheti changu cha kidato cha nne, koti moja, na jina la Karani, ambalo mtaa ulikataa kuninyang'anya hata baada ya kazi kwisha. Tangu utoto nilikuwa mtu wa kukaa ndani. Kukosa kazi kulinipa tu sababu yenye heshima.

Kilichonitoa nje ni mashine. Mali za chama zilipogawanywa, mashine ya kudurufia iliangukia shule ya msingi ya hapo jirani. Ni ile ya kuzungusha kwa mkono: unapiga chapa maneno kwenye stensili, karatasi ya nta, unaitandika juu ya silinda yenye wino, unazungusha mpini, karatasi zinatoka upande wa pili zimeandikwa. Walimu waliipokea kwa makofi, kisha wakaitazama wiki mbili kama ng'ombe aliyeletwa bila kamba. Mwalimu mkuu akanifuata nyumbani.

"Karani, njoo uwafundishe walimu wangu. Kitabu kimoja watoto sita, na wawili kati yao wanakisoma kichwa chini miguu juu."

Nikaenda. Ilikuwa kazi nzuri, siwezi kuisema vibaya. Mwalimu wa darasa la pili alichora kuku, akaandika sentensi tatu chini yake, na kesho yake kila mtoto akawa na kuku wake. Waliinusa karatasi kwanza ndipo wakaisoma. Mmoja aliikunja akaitia ndani ya sweta, akakataa kuitoa hata alipoambiwa ndiyo kazi ya darasani.

Walimu niliwafundisha kila kitu isipokuwa kimoja. Kwa baridi yetu ya Sumbawanga, asubuhi wino huwa mzito. Ukizungusha, karatasi ya kwanza inatoka nyeusi upande mmoja, na ya pili haina kitu. Dawa yake ni kuupasha moto kidogo. Mimi mrija wa wino nilikuwa naondoka nao jioni, nikisema ni kwa usalama, na asubuhi narudi nao kwapani, ndani ya koti, umeshalainika. Nikifika, mashine inanitii. Walimu wakijaribu peke yao kwa mrija wa kabatini, wanapata ukungu.

"Mkono wa Karani una kitu," walisema.

Nami nikauacha mkono wangu uwe na kitu. Ningewaambia siri yenyewe, kesho yake ningekuwa barazani nikihesabu kuku wa watu.

Aliyenibana kwa maswali ni mwalimu wa hisabati wa darasa la saba, mama aliyetokea Mbeya. Tulitaniana sana. Nilimwambia watu wa kwao wakikosa ndizi hawawezi kuhesabu mpaka kumi. Akanijibu, "Na ninyi Wafipa mkikosa ugali wa ulezi mnasahau hata mlango wa kwenu." Binti yake alikuwa darasa hilohilo la saba. Ufunguo wa kabati la mitihani aliutunza yeye, na Alhamisi moja tulidurufu mtihani wa majaribio pamoja, yeye akihesabu, mimi nikizungusha. Zilizoharibika nikazikusanya chini.

"Hizo je?" akauliza.

"Nakwenda kuzichoma, mwalimu."

"Zote?"

"Zote. Unamfundisha karani kutunza siri?"

Na nilikuwa na nia hiyo kweli, mpaka nilipofika kwangu. Jirani yangu, mama mtu mzima, alikuwa akikaanga karanga mbele ya nyumba yake, nyumba inayotazamana na yangu. Magazeti yalikuwa yanafika kwetu kwa kuchelewa, na yakifika yana wenyewe. Wiki ile alikuwa anafungia vipande vya mfuko wa saruji.

"Karani, karatasi zote hizo unapeleka wapi?"

"Shikamoo mama. Nazichoma."

"Marahaba. Unachoma karatasi, mimi nauzia watu karanga na saruji? Watoto wa watu watajengeka matumbo."

Hakujua kusoma. Nikazitazama: nyingine zimefifia, nyingine zimechapwa nusu. Nikajiambia hizi si mtihani tena, ni uchafu; nikampa zote. Akanijazia kiganja karanga za moto. Nikala nikiwa nimesimama, nimeridhika na nafsi yangu.

Jumamosi nilikuwa barazani nimejifunika blanketi, watoto wa shule wakaja kwa jirani kwa kundi.

"Shikamoo mama. Tunaomba za karatasi nyeupe."

"Karanga ni zilezile."

"Za mfuko hatutaki. Na kama ipo ya ukurasa wa tatu, tutanunua mbili."

Nikacheka mpaka blanketi likaanguka. "Mama, hiyo ndiyo biashara huria! Wateja siku hizi wanachagua mpaka karatasi!" Karanga ziliisha kabla ya saa sita. Mtu mwenye kidato cha nne alikuwa anacheka jambo ambalo mtoto wa miaka kumi na tatu alikuwa amelielewa tangu alipomaliza karanga ya mwisho. Au labda nililielewa na sikutaka kujua. Hilo nimejiuliza mara nyingi, na jibu ninalopata silipendi.

Mtihani ulifanyika Jumatatu. Jumatano jirani akarudi kutoka sokoni na habari, akanisimulia kutoka upande wake wa njia, sufuria mkononi. Swali la sehemu, lile ambalo walimu wenyewe walibishana kabla ya kuliweka, darasa karibu zima lilikuwa limelipata, kwa hatua zilezile. Ufunguo wa kabati anao mwalimu wa hisabati. Binti ni wake, na amekuwa wa kwanza. Mwalimu mkuu amemtaka aandike maelezo, na Jumatatu yatapelekwa kwa wakubwa wa elimu. Wanasema atahamishiwa Muze, huko bondeni, na mtoto ahame naye wakati mtihani wa taifa unakaribia.

Jirani akavuka njia na sufuria yake.

"Karani, zile karatasi ulizonipa zilikuwa za nini?"

"Za zamani tu, mama."

Uongo ule haukunipa hata nafasi ya kuufikiria. Ulitoka kama chafya.

Alhamisi nilikaa ndani. Nilijiambia naandika barua ya kukiri. Nikaanza na kichwa: "Yah: Maelezo kuhusu karatasi." Nikakibadilisha mara nne. Kisha nikaona barua nzito namna ile haifai kuandikwa kwa mkono, lazima ipigwe chapa, na mashine ya kupigia chapa iko shuleni, na shuleni ndiko nisikotaka kwenda. Nikajipima paji la uso, nikaona nina homa. Nilikuwa namfikiria mwalimu, lakini nisiwadanganye: kila nilipomfikiria yeye, niliishia kufikiria watasema nini juu yangu, kwamba Karani ameuza mtihani kwa kiganja cha karanga. Aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko huruma yangu. Siku hiyo nzima niliilea ile aibu kama mtoto mgonjwa.

Ijumaa mchana nikaenda, barua mfukoni, ya mkono. Langoni nikasikia mashine inazunguka.

Ndani, mwalimu wa hisabati alikuwa ameshika mpini. Karatasi zilikuwa zinatoka safi, maandishi meusi, moja baada ya nyingine. Pembeni, kando ya jiko la mkaa la kuchemshia chai, mrija wa wino ulikuwa umeegeshwa unaota moto.

"Karibu, Karani," alisema bila kuacha kuzungusha.

"Mwalimu, nimekuja… zile karatasi zilizoharibika, mimi sikuzi—"

"Tunajua. Mama wa karanga alikuja asubuhi. Zilizobaki amezileta, hizo hapo. Mkuu ameichana barua yangu ya maelezo. Tumetunga mtihani mwingine, Jumatatu wanarudia."

Hakuwa amekasirika, na ningeshukuru kama angekasirika. Macho yangu yakarudi kwenye jiko. Akaona.

"Huo wino? Tulijua siku nyingi. Mtu hatembei kila asubuhi amebana kwapa namna ile bila sababu. Tukasema tumwache, ana shughuli gani nyingine?"

Walimu wenzake wawili waliinama juu ya karatasi kama watu wanaozihesabu. Mabega ya mmoja yalikuwa yanatikisika.

Nikasema samahani. Ilitoka ndogo, kama ya mtoto aliyesukumwa mgongoni na mzazi.

"Nimeipokea," akasema, sasa ameacha kuzungusha. "Lakini tangu Jumatano mwanangu hajaja shule, Karani. Wenzake wanamwita mwizi. Na wale wanaomwita ndio waliokula hizo karanga."

Barua niliirudisha nyumbani kama nilivyoitoa.

Jirani alikuwa kwenye sufuria yake, bado amevaa viatu vya kanisani, vimejaa vumbi. Nilikuja kusikia baadaye kwamba alipotoka asubuhi ile alimwachia jirani mwingine funguo za nyumba, akamwambia kama polisi wakimkamata awalishe kuku. Mimi wakati huo sikuwaza hata hilo. Nilisimama mbele yake nikiwa na malalamiko, eti nimeonewa.

"Mama, mbona hukuniambia unakwenda? Tungekwenda pamoja."

Hakuinua kichwa. Akazigeuza karanga, akasema:

"Jana nilikuachia siku nzima uende mwenyewe. Nikakuona umetoka mara mbili, zote kwenda chooni."