Aliiona hatari katika damu ya kaka yake, akafunga mdomo

Saa tatu asubuhi, mama mmoja mwenye koti jeupe anainamia kichupa cha damu kisichozidi kidole chake kidogo. Anadondosha matone mawili, anafunga kifuniko, anashusha pumzi.

Ni fundi wa maabara, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yake ni kupima RNA katika damu ya wagonjwa wa saratani ya mapafu.

“RNA tuliyosoma shuleni hubeba maagizo ya kutengeneza protini,” anaeleza. “Hizi ninazotafuta hazitengenezi protini yoyote. Zamani zilionekana makapi tu. Kumbe baadhi zikizidi, zinaisaidia saratani kukua na kuhama.”

Kaka yake, mchomeaji wa mageti ambaye hajawahi kuvuta sigara, aligunduliwa na ugonjwa huo mwaka juzi. Akakubali kutoa damu kila mwezi kwa ajili ya utafiti wa maabara hiyo hiyo ya dada yake. Vichupa huandikwa namba bila majina, lakini kaka si mtu wa siri.

“Mimi ni arobaini na sita, kama kiatu changu!” alimtangazia dada yake mezani, akicheka mpaka kikohozi kikamkaba.

Amani ikamtoka dada mtu. Mwezi wa tatu wa kutoa damu, kiwango cha RNA hizo katika kichupa namba arobaini na sita kilipanda. Mwezi wa sita kilikuwa mara nne ya kile cha mwanzo. Akamfuata mkuu wa utafiti.

“Nilimwambia, mzee, namba ile ni ya ndugu yangu. Akanitoa kwenye sampuli zile siku hiyo hiyo. Akasema kipimo chetu bado hakijathibitishwa, daktari hawezi kukitegemea, nami sina ruhusa ya kusema.”

Kwa wiki tano alikula na kaka yake meza moja, akiuma ulimi. Kisha picha za hospitali zikaonyesha saratani imefika kwenye ini.

“Ulijua?” kaka alimuuliza wakiwa kwenye benchi la kusubiri.

“Niliona, kaka. Sikuwa na hakika.”

“Basi mwenzio nililala usingizi wiki zote hizo. Wewe je, mdogo wangu?”

Fundi anapofika hapo, anavua glavu, anageukia ukuta.

Wiki ijayo anaanza likizo akamuuguze. Kaka bado anatoa damu. Fundi mwingine ndiye anayeipima. Akimaliza likizo atarudi kwenye vichupa vyake.

“Nataka kipimo hiki kithibitishwe,” anasema. “Anayekuja baada yangu akiona nilichoona, aruhusiwe kupiga simu.”