Mave na Mchezo wa Wavu

Nakumbuka asubuhi moja ya vita, mwanangu, ambayo ua wa nyumba yetu pale Ngezi, mjini Bunia, uligeuka kuwa ziwa. Usicheke. Tulikuwa tumepindua viti viwili vya mbao vikawa mtumbwi, miiko ikawa makasia, na majani ya mparachichi yakawa samaki. Watoto watano walikaa ndani wakipiga kasia vumbini, polepole, wakielekea Mahagi-Port, bandari ya ziwani, nami nimesimama mbele nikiwaonyesha mahali milima inapoingia majini. Sikuwa nimewahi kufika huko. Lakini ukungu ulikuwa haujaondoka, na hata leo nikifumba macho nayaona yale maji.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimekimbia kutoka Djugu, na Koko, bibi mwenye nyumba, alitupokea, mimi na mama wachache na watoto wao, bila kutuuliza ukoo. Mama za watoto waliamkia mashambani kutafuta muhogo, shule zilikuwa zimefungwa, wadogo wakabaki mikononi mwangu. Waliniita Yaya, maana yake dada mkubwa. Kusema kweli nilikuwa na kipaji cha kubuni michezo, na nilijua kwamba ninacho. Hiyo ndiyo taabu ya vijana. Asubuhi ile Koko alikuwa mkekani akimenya muhogo. Akanunua samaki mmoja kwa Mave, msichana wa miaka minne, kisha akalalamika.

“Samaki yako iko kidogo sana, mama.”

“Iko mutoto bado, Koko,” Mave akamjibu. “Umungoje akomae.”

Mchezo niliojivunia zaidi ulikuwa wa wavu. Risasi ziliposikika nilisema “Wavu,” na samaki wangu wote, yaani watoto, wakazama: chini ya kitanda, nyuma ya magunia, popote. Samaki hasemi, hata akiitwa kwa jina, maana siku zile aliyekuita hakuwa lazima mtu mwema. Anangoja mpaka Yaya aseme, “Wavu imetoka.” Basi hakuna mtoto aliyelia. Mama zao walinishukuru, nami nikavimba kichwa.

Kisha nikaanza kuutumia vibaya. Nikitaka kusukwa nywele, au kupiga soga na jirani, nasema “Wavu,” watoto wanazama, nami napata utulivu wangu. Neno la kuwatoa nasahau. Wakubwa walichoka wakatoka wenyewe wakicheka, lakini Mave hakutoka hata siku moja mpaka nimwambie. Koko aliliona hilo.

“Mutoto uyu anakuamini,” aliniambia. “Usimuchezee.”

Nikacheka tu. Mzaha mzaha hutumbua usaha, mwanangu, nami sikusikia la mkuu.

Ile asubuhi ya ziwa, jirani aliniita kwenye ua wa matete nisikie habari za mji. Nikasema “Wavu,” nikaenda. Habari zilikuwa tamu, nikakaa. Wanne walikuwa wamekwisha kurudi mtumbwini wakati risasi za kweli zilipoanza, karibu kuliko siku zote, na watu wakapita mbio na mafurushi. Nikambeba mmoja mgongoni, Koko akashika wengine. Tulimwita Mave ndani na nje. Kimya. Mpita njia akasema kuna watoto waliotangulia na mama zao, tukamwamini, kwa sababu tulitaka kuamini.

Tulipofika parokiani, mahali watu walipokimbilia, Mave hakuwepo. Sijui nikuelezeje. Koko akanitazama usoni.

“Leo ulisema wavu?”

“Ndiyo, Koko.”

“Na neno ya kutoka, ulimupatia?”

“Nilisahau, Koko.”

“Basi siye tuliita bure. Mutoto anangoja weye.”

Mchana risasi zilipotulia kidogo, nilirudi peke yangu nikipita nyuma ya nyumba za watu. Mlango wetu ulikuwa umevunjwa. Magunia, masufuria, hata vile viti viwili, vyote vimekwenda. Pembeni kilibaki kikapu kikubwa cha muhogo, kimepinduliwa kinywa chini, kwani kikapu kitupu nani atakiiba. Nikasimama pale, naogopa kufungua mdomo. Nikisema na kikapu kisitikisike, nitakuwa nimejua. Mwisho nikasema kwa sauti ndogo, “Wavu imetoka.”

Kikapu kikainuka. Mave akatoka, amejikojolea, nywele zimejaa unga wa muhogo.

“Yaya, watu waliingia. Waliuliza kama kuna mutu. Sikujibu.” Kisha akauliza, “Nimeshinda?”

Nikamwambia ameshinda. Nililia mpaka akaanza yeye kunipangusa machozi.

Koko hakunipiga wala kunifokea. Alisema tu, “Mutoto akicheza, anatia roho yake yote. Weye ulitia midomo.” Wapo wanaonifariji kwamba mchezo ule ndio uliomwokoa. Ni kweli. Ila aliyemweka humo na kumsahau ni mimi, na kweli hizo mbili nimeishi nazo nyumba moja mpaka mvi zikanijia.

Kwa hiyo, mwanangu, cheza na watoto. Hata siku mbaya, hasa siku mbaya, wafanyie ziwa vumbini. Lakini ukiwaanzishia mchezo, kaa nao mpaka uishe. Ukimwambia mtoto “ningoje hapa,” rudi, hata kama ulitania, kwa maana yeye hakujua kwamba unatania. Na usimpe mtoto mchezo ili upate kumkwepa. Mwambie umechoka, atanuna kidogo, atasahau.

Mungu akubariki, akupe mikono isiyochoka kucheza. Na popote atakapokuwapo mtoto anayekungoja, akufikishe kwake kabla hajaacha kukuamini.